Kwa Nini Misungwi Ilisubiri Benin: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ushahidi wa Afya

Toleo hili tumetenga ukurasa wote kwa jambo moja. Tangu tulipoeleza kwa ufupi maana ya mapitio ya kimfumo, yaani kazi ya kukusanya tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja, kuzichambua kwa kanuni zilizotangazwa mapema na kuzipima kwa pamoja, barua nyingi zimetoka Mwanza na wilaya zinazozunguka ziwa. Nimechagua nne.

SWALI: Mwanangu Daktari, mimi ni tabibu mstaafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa kijana kazini katika kituo cha afya kando ya ziwa, tulipofundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikawa zinakuja kwa wakati, na wasimamizi wakawa wanatutembelea. Mwaka 1995 tukaambiwa kwamba kazi ile ilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi. Tulijivuna, sikatai. Sasa umeandika kwamba mapitio ya tafiti zote yanasema ushahidi wa njia hiyo ni mdogo. Je, tulidanganywa? Au hao wanaokaa mezani na makaratasi wanaijua Mwanza kuliko sisi tuliokuwa tunachoma sindano?
Tabibu mstaafu, Igoma

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Hamkudanganywa, wala kazi yenu haikufutwa. Utafiti ule, ulioendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na London School of Hygiene and Tropical Medicine, ulipangwa kwa uangalifu ambao walimu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, huutolea mfano hadi leo. Jamii 12 za mkoa wa Mwanza zilipangwa katika jozi 6 zilizofanana kwa mazingira, kisha kura ikaamua ni jamii ipi katika kila jozi ianze kupata huduma iliyoboreshwa na ipi isubiri. Katika kila jamii watu wazima wapatao 1,000 walipimwa mwanzoni, wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Kati ya wale ambao hawakuwa na VVU walipoanza, asilimia 1.2 waliambukizwa katika jamii zilizoboreshewa huduma, na asilimia 1.9 katika jamii zilizosubiri. Ukirekebisha tofauti nyinginezo baina ya jamii hizo, unapata ile asilimia 40 hivi mliyoambiwa. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi mwaka 1995, na ni sahihi leo.

Kilichotokea baada ya hapo ni kwamba wengine walijaribu. Ng'ambo ya ziwa, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watafiti waliamua kwenda mbali zaidi: kila mtu mwenye umri kati ya miaka 15 na 59 alifuatwa nyumbani na kupewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi 10, awe na dalili au asiwe nazo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka katika vijiji vilivyopata dawa, na yalikuwa hivyo hivyo katika vijiji vya kulinganisha. Mwaka 2003 yakatoka matokeo ya Masaka, jirani na Rakai, ambako huduma za vituoni ziliboreshwa kwa namna iliyokaribia yenu na kuunganishwa na elimu ya kubadili tabia. Kaswende na kisonono vilipungua, lakini VVU haikupungua. Jaribio la nne, la mashariki mwa Zimbabwe, nalo halikuona upungufu. Ndipo mapitio yaliyotolewa mwaka 2011 na Cochrane, mtandao wa kimataifa ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993 kwa kazi hiyo hasa, yakaweka majaribio yote manne mezani na kukuta ni moja tu, la Mwanza, lililoonyesha upungufu wa VVU.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kusema Mwanza imeshindwa kwa tatu kwa moja. Mapitio mazuri hayaishii hapo, kwa sababu swali lenye faida ni kwa nini majirani wanaochota maji ya ziwa moja wapate majibu tofauti, na swali hilo lilizaa uchambuzi mwingi miaka iliyofuata. Utafiti wenu ulipoanza, takriban watu wazima 4 kati ya 100 katika jamii zile walikuwa na VVU. Rakai walikuwa 16. Ugonjwa unapokuwa bado mchanga, virusi hupita zaidi kwa watu wenye wapenzi wengi, ambao ndio wenye kisonono, kaswende na vidonda vingine vinavyotibika, kwa hiyo ukiwatibu unaziba mlango mpana. Ugonjwa ukishazama katika ndoa na kaya za kawaida, mlango huo unakuwa mmoja kati ya mingi. Tena vidonda vingi vya Rakai vilisababishwa na kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri, ambacho antibayotiki haikigusi. Halafu kuna tofauti ambayo wewe mwenyewe ungeieleza vizuri kuliko mimi: nyinyi mlikuwa kituoni kila siku, mgonjwa akiumwa Jumanne anatibiwa Jumanne, ilhali kule dawa zilipita kijijini kisha zikapotea kwa miezi 10.

Kuhusu neno lako la wanaokaa mezani, hapo nakuunga mkono nusu. Mama yangu mzazi aliuza dagaa Kirumba kwa miaka mingi, na sikuwahi kumwona akinunua gunia kwa kutazama mdomo wake. Mdomoni hupangwa dagaa wanaong'aa, wakavu, waliokaushwa juu ya chanja. Yeye alizamisha mkono hadi kiwiko, akatoa konzi ya katikati, akaimwaga kwenye ungo na kuipeta. Mchanga ukibaki kwenye ungo, alijua kwamba hao walianikwa chini ufukweni na kwamba mwenye gunia anataka alipwe mchanga kwa bei ya dagaa. Mapitio ya kimfumo hupitia gunia la tafiti kwa mkono wa namna hiyo. Utafiti wenye matokeo ya kupendeza huchapishwa upesi na kutangazwa redioni, huku ule ambao haukuona kitu ukilala kabatini. Kwa hiyo waandaaji huwajibika kutafuta hadi kwenye orodha za majaribio yaliyosajiliwa lakini hayakuchapishwa. Watu wawili husoma kila utafiti, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha walichokiona. Na mchanga, yaani utafiti ambao kura yake ilichezewa au ambao nusu ya washiriki walipotea njiani, hautupwi kimyakimya. Huandikwa wazi kwamba ni mchanga. Lakini mama hangeweza kununua bila kujua mwalo gani dagaa wametoka, na upepo wa wiki ile ulikuwaje, na hapo ndipo watu kama wewe mnapohitajika mezani. Mapitio yasiyo na mtu anayejua kituo cha afya cha kando ya ziwa kinaendeshwaje yatajumlisha namba sawasawa na kukosea maana yake.

Naomba pia usilisome neno "ushahidi ni mdogo" kupita lilipokusudiwa. Linahusu kutibu magonjwa ya zinaa kama njia ya kuzuia VVU katika jamii nzima. Halisemi mtu asitibiwe. Utafiti mwingine wa hapo hapo Mwanza, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito ambao hawakupimwa kaswende, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walikufa kwa sababu ya ugonjwa huo wa mama. Anayetumia mapitio ya mwaka 2011 kupunguza fedha za kupima kaswende kliniki amesoma jibu la swali jingine.

SWALI: Daktari, hapa kwetu Misungwi tulishiriki jaribio la vyandarua vipya, na matokeo yalipotangazwa mwaka 2022 kila mtu aliona kwamba chandarua cha aina moja kilishinda vingine. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikaa hadi mwaka 2023 ndipo likakipendekeza, baada ya majibu ya Benin. Benin na sisi wapi na wapi? Mtoto wa Misungwi anaugua malaria, mnasubiri mbu wa Afrika Magharibi?
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Misungwi

JIBU: Ndugu yangu, uchungu wako una haki, na sitautuliza kwa maneno laini. Tuanze na mlichokiona. Maeneo 84 ya wilaya yenu yaligawanywa kwa kura katika makundi manne ya vyandarua, vikagawiwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Baada ya miaka miwili, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8 kwenye maeneo ya chandarua cha kawaida chenye dawa ya pairethroidi peke yake, na asilimia 25.6 kwenye maeneo ya chandarua kilichoongezewa klofenapiri. Mbu wa kanda ya ziwa wamekuwa sugu kwa pairethroidi, ndiyo maana dawa ya pili inayowaua kwa njia tofauti ilileta mwachano mkubwa kiasi hicho.

Sasa jiweke mahali pa kamati inayoandika pendekezo litakalofuatwa kuanzia Senegali hadi Msumbiji. Kanuni iliyowekwa kwa bidhaa ya aina mpya ya kupambana na mbu ni kupata angalau majaribio mawili, katika mazingira tofauti, yaliyopima ugonjwa wa watu na si vifo vya mbu peke yake. Barua ya mzee wa Igoma hapo juu inaonyesha kanuni ya namna hiyo inakoelekea: mwaka 1995 Mwanza ilitoa jibu zuri, na lile la pili, la Rakai, halikufanana nalo. Mwaka 2022 Misungwi ilitoa jibu zuri, na lile la pili, la Benin, lililochapishwa mwanzoni mwa 2023, likafanana nalo: malaria kwa watoto ilipungua kwa asilimia 46. Tukiwa tumeshika jibu la kwanza tu mkononi, hakuna aliyeweza kujua ni lipi kati ya mawili hayo lingetokea. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo la nguvu kwamba chandarua hicho kitumike badala ya kile cha pairethroidi peke yake mahali ambapo mbu wamekuwa sugu.

Sikufichi kwamba kanuni hiyo haikushikwa kwa mkono mmoja wakati wote. Chandarua kilichoongezewa PBO, kemikali inayovunja usugu wa mbu, kilipata pendekezo lenye masharti mwaka 2017 kwa kutegemea zaidi jaribio moja la Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu usugu ulikuwa unaenea na watu waliogopa kuchelewa. Jaribio kubwa la Uganda lilikuja kuthibitisha faida yake mwaka 2020. Lakini hapo kwenu Misungwi, vyandarua hivyo hivyo vya PBO, vilipotimiza miaka miwili, havikutofautiana vya kutosha na vya kawaida. Vingi vilikuwa vimechanika au watu wameacha kuvitumia. Ukiniuliza mimi, yote mawili yalikuwa maamuzi ya busara: kukimbia mwaka 2017 na kusubiri mwaka 2022. Ila mwaka wa kusubiri una gharama, gharama hiyo hulipwa na watoto wa vijiji kama vyenu, na kamati zingefanya vyema kuiandika waziwazi kwenye taarifa zao kama zinavyoandika idadi ya tafiti.

Ongeza na hili, kwa kuwa wengi hudhani Shirika hilo limekuwa likiamua kwa njia hii tangu zamani. Mwaka 2007 Andrew Oxman na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba mapendekezo ya Shirika yalitegemea mno maoni ya wataalamu na ni mara chache yalipojengwa juu ya mapitio ya kimfumo. Mwaka huohuo Shirika likaunda kamati ya kukagua kila mwongozo kabla haujatoka. Kwa hiyo subira iliyokuudhi ni jambo changa kiasi, na ilizaliwa na lawama.

SWALI: Mwalimu wetu alitupa tafiti nane kuhusu dawa moja. Tano zinasema inasaidia, tatu zinasema haisaidii. Je, si tuhesabu tu, wengi wape?
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Usihesabu. Utafiti wa watu 60 na utafiti wa watu 6,000 wote wana kura moja ukihesabu vichwa, jambo ambalo hata mwenyekiti wa mtaa asingelikubali. Isitoshe, utafiti mdogo "usioona tofauti" mara nyingi hauna uwezo wa kuiona hata ikiwepo. Tafiti tatu za namna hiyo zikiunganishwa zinaweza kuonyesha faida ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona akiwa peke yake. Angalia ukubwa wa athari katika kila utafiti na upana wa mashaka yake, kisha uzito wake, na mwisho kabisa ndipo uulize kama ni halali kuzijumlisha. Kama tano zilifanywa kwa watoto na tatu kwa wajawazito, una maswali mawili, na mwalimu wako pengine anangoja mtu wa kumwambia hivyo.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi mkunga kisiwani Ukerewe. Nimesikia kwamba sindano za deksamethasoni kwa mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati huokoa watoto njiti, na kwamba ushahidi wake ni wa miaka mingi. Mwenzangu aliyesoma zaidi ananiambia kuna utafiti uliokuta sindano hizo zinaua watoto. Tushike lipi?
Muuguzi mkunga, Ukerewe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mshike yote mawili, kwa mpangilio.

Jaribio la kwanza la dawa za jamii hiyo lilichapishwa mwaka 1972 na Liggins na Howie wa New Zealand. Mengine yakafuata, mengi yakiwa madogo, na kila moja likisomwa peke yake liliacha shaka. Hakuna aliyeyaweka pamoja kwa utaratibu na kuchapisha hadi mwaka 1989, ndipo ikaonekana kwamba uwezekano wa mtoto kufa kwa matatizo ya kuzaliwa kabla ya wakati hupungua kwa asilimia 30 hadi 50. Katika miaka hiyo yote ya katikati, wakunga na madaktari wengi hawakutumia dawa iliyokuwa rahisi na iliyokuwepo. Nembo ya Cochrane, ile yenye mistari midogo ya mlalo ndani ya duara, ni mchoro wa majaribio saba ya dawa hiyo. Kila mstari ni utafiti mmoja, na almasi iliyo chini ni jumla yao.

Lakini mistari ile ilitoka katika hospitali zenye vifaa. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, lililohusisha karibu wanawake 100,000, wengi wakihudumiwa katika vituo vidogo kama chako. Watoto wenye uzito mdogo sana hawakupata nafuu, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka, kutoka 23.9 hadi 27.4 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Huo ndio utafiti anaousema mwenzako. Tazama kwa karibu jinsi ulivyokwenda: umri wa mimba, pale ambapo mama hakukumbuka tarehe ya hedhi, ulikadiriwa kwa kupima tumbo kwa utepe wa rangi, na wengi wa waliochomwa sindano hawakujifungua njiti kabisa. Watoto wao walipata dawa ambayo hawakuihitaji, katika mazingira ambayo maambukizi yalikuwa tishio, na wale waliokuwa njiti kweli mara nyingi hawakuwa na pa kuhudumiwa baada ya kuzaliwa.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilichapisha jaribio jingine, lililofanywa katika hospitali za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi, na mtoto alikuwa na huduma ya uhakika. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni na asilimia 23.5 kwa waliopata sindano isiyo na dawa. Hivyo miongozo ya Shirika hupendekeza sindano hizo pale masharti yanapotimia: umri wa mimba unajulikana kwa uhakika, mama hana dalili za maambukizi, uzazi unasimamiwa na mtaalamu, na mtoto njiti anaweza kupewa joto, hewa ya oksijeni, maziwa na matibabu ya maambukizi.

Kwa hiyo huko kisiwani usiwe wewe peke yako wa kuamua usiku wa manane. Fuata mwongozo wa Wizara na maelekezo ya daktari wa hospitali mnayopeleka rufaa, na mkubaliane mapema, kabla mgonjwa hajafika, nani achomwe kwenu na nani asubiri avushwe. Lililo mikononi mwako tangu leo ni tarehe: kila mama anayekuja hudhurio la kwanza, kaa naye mkumbushane hedhi ya mwisho kwa sikukuu, kwa mnada, kwa siku mume aliyoondoka kwenda kuvua, na uiandike kwenye kadi kwa wino. Na kamati ya kituo ikikuuliza mwakani mnahitaji nini, taja ultrasaundi na chumba cha kangaruu, mahali pa mama kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, kabla ya kutaja deksamethasoni.